Shikamoo Chini ya Gari

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi ni fundi wa magari hapa Dodoma, si mpiga ramli. Pombe sigusi. Na ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, kwa hiyo usije ukaniambia niliota.

Mteja wangu mmoja, Mama Neema, mtumishi wa serikali, alinipigia simu akiwa njia ya Hombolo. "Fundi, gari limekaa chini tena, nyuma kushoto." Gari lake ni jipu kubwa ambalo halina springi za chuma, linabebwa na mifuko ya mpira inayojazwa hewa na pampu ndogo. Hewa ikivuja, linapiga magoti. Fundi mwingine alishamwambia anunue mfuko mpya. Nikasema moyoni, huyo anabahatisha.

Nikapanda bodaboda na boksi la spana, jeki na chupa ya maji ya sabuni. Stendi za chuma za kuegemezea gari nikaziacha gereji, eti nzito.

Nilipofika nikawasha injini, pampu ikajaza, gari likanyanyuka taratibu mpaka juu kabisa. Nikazima, nikaingia chini. Ndiyo, bila stendi, bila hata jeki, nimeiamini hewa! Naona aibu kukueleza, kwa sababu nimewafokea mafundi wenzangu miaka yote kwa kosa hilohilo. Mama Neema alikuwa hatua chache tu, amekaa juu ya jiwe, anaongea na simu.

Nikapulizia mfuko maji ya sabuni. Hakuna povu. Nikafuata paipu ya hewa inayoingia juu yake, na pale kwenye maungio povu likafoka. Nilifurahi kama nimeokota dhahabu. Mfuko mzima, ubovu ni wa paipu tu! Nikapenyeza kichwa na mkono kwenye uwazi kati ya ekseli na bodi, nikatia spana nikaze.

Nikasikia mtu anakohoa. Nikageuza shingo, nikaona miguu ya bibi kizee, mikavu, imepauka kwa vumbi, na viatu vya katambuga, vile vya tairi.

"Shikamoo bibi," nikasema, mkono bado uko kwenye spana.

Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti zaidi.

"Wanaosalimia wamelala ni wagonjwa," akasema. "Wewe mgonjwa?"

"Hapana bibi, niko kazini. Nakaza kidogo tu namaliza."

"Basi toka unisalimie."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikasirika, nakwambia kweli. Lakini nimelelewa Mvumi na bibi yangu, na kwake mtoto aliyemsalimia mkubwa akiwa amelala alilala na njaa. Nikaiacha spana palepale, nikajivuta nje nikinung'unika, nikasimama, nikakung'uta suruali.

Hapakuwa na mtu. Pande zote ni shamba la uwele lililokwisha kuvunwa, tupu, hata kuku asingepata pa kujificha. Kabla sijafungua mdomo nikasikia pwaa! Paipu imechomoka. Gari likashuka kwa kishindo, na ule uwazi niliokuwa nimeingiza kichwa ukafumba. Spana yangu ilibanwa humo ikapinda.

Mama Neema akaja mbio. "Fundi! Ulikuwa unamsalimia nani?"

Alinisikia mimi peke yangu. Tukatazama vumbini: nyayo zangu, nyayo zake, basi.

Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Nilikuwa hai! Mama wa watu akanishika bega, akamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Baadaye nikapiga jeki, nikasukumia tairi la akiba na mawe makubwa chini ya fremu, ndipo nikathubutu kurudi. Ncha ya paipu ilikuwa imelika. Nikaikata, nikairudisha paipu ikakaa sawasawa, nikajaza hewa, nikapuliza sabuni. Hakuna povu. Asubuhi yake Mama Neema akapiga simu kusema gari bado limesimama wima.

Usiku ule nilikula ugali na mlenda kama niliyefunga siku tatu. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ulipotoka, aliitikia?"

Nikasema hapana, sikusikia marahaba.

"Mshukuru kwa hilo," akasema. "Angeitikia ungekuwa umeshafika kwake, kwa wafu."

Tangu hapo gereji wananitania, maana yeyote akinisalimia nikiwa chini ya gari, natoka kwanza nisimame. Wacheke tu. Lakini wewe unayenisikiliza, gari la hewa usiliingie chini mpaka uliegemeze kwenye chuma. Na sauti ya mkubwa ikikuita utoke, usimwambie unamalizia. Toka.