Notburga na Laini ya Mapera

Notburga hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu wa kushuku, na sisi watu wa Maguu tulikuwa hivyo hivyo. Tangu biashara ya kahawa ilipoachiwa huru, wanunuzi walitupimia kwa mizani ya hila mpaka tukashuku hata salamu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Yeye ndiye aliyeendesha mtambo wetu wa umeme wa maporomoko. Kila kiangazi mto ulipungua, taa zikafifia, wakunga wa zahanati wakazalisha kwa koroboi. Ndipo tajiri mmoja wa kahawa kule Mapera, mwenye jenereta, akakubali laini yake iungane na yetu: masika tumpe, kiangazi atupe.

Aidan, Mnyasa kutoka ziwani aliyeendesha jenereta hiyo, alikuja kumfundisha Notburga.

"Dada, mitambo ikishaungana, mwendo wake ni mmoja. Ni kama ngoro zenu, yale mashimo ya kuzuia maji shambani: moja likipasuka, maji yanabomoa na la chini yake. Ukiona mshale huu wa kipimo unashuka, mzigo umezidi. Mimi nitakata laini moja kwangu, wewe moja kwako, papo hapo. Tusingojane."

"Na wewe usipokata?"

"Nitakata."

Notburga aliguna. Mtu wa ziwani, tena wa tajiri! Nasi tukamchochea: utazimisha kwetu, bosi wake aendelee kumenya kahawa.

Jioni moja ya mavuno mshale ukaanza kushuka. Notburga alishika swichi ya laini ya sokoni, lakini hakuikata. Aliukodolea macho mshale, akingoja uinuke kidogo ili ajue mwenzake ameanza. Haukuinuka.

"Nilijua tu!" akasema.

Mshale ukazidi kuzama. Mitambo yote miwili ikazima, Maguu na Mapera giza tupu.

Redio ya upepo ya kuzungumzia na Mapera, iliyotumia betri, ikakoroma kwa sauti ya Aidan.

"Dada Notburga! Nimekata mashine ya bosi, nikakata na nyumba zetu, haikutosha. Umepatwa na nini huko? Umeumia?"

Notburga aliinua redio kwa aibu.

"Sijaumia, kaka," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."



Kahawa ya tajiri ililala bila kumenywa ikaharibika, na wiki ile ile akatuma mafundi kushusha nyaya. Notburga aliwashikia ngazi mwenyewe, na sisi tuliomchochea tukatazama kwa mbali.