Mizani Nje ya Mlango

Siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya skrubu moja. Fundi wa mizani alinionyesha ilipo, chini ya sahani. Ukiikaza kidogo, gunia la kakao la kilo thelathini linaonyesha ishirini na sita. Jirani, mnunuzi wa kakao kama sisi, alikuwa ameikaza yake zamani. Nikajiuliza: mimi ninayekataa ni mwaminifu, au ni mjinga mwenye diploma?

Nilikuwa nimetoka chuo, Butembo, na tasnifu yangu ya kuhitimu ilihusu biashara ya haki. Baba yangu mdogo, mwenye lori na ghala dogo la kakao pale Beu, mjini Beni, alisoma kurasa mbili akaifunga.

"Iko muzuri. Sasa kuya ufanye na kakao, hapana na karatasi."

Akanipa msimu mmoja niendeshe ghala. Nilipima sawasawa, lakini anayepima sawasawa hawezi kutangaza bei kubwa kama anayepunja kilo nne kwa kila gunia. Mkulima husikia bei kwanza. Walipita na pikipiki zao zilizosheheni, wakanisalimu kwa adabu, wakaenda kwa jirani.

Jumatano baba mdogo akasema, "Lori inaenda Jumamosi. Kama ghala haijajaa, fundi atakaza ile skrubu. Ama tunafunga, na bamama batatu benye banaanika kakao barudi nyumbani."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Alhamisi alikuja mama mmoja mkulima kutoka upande wa Ruwenzori. Alikuwa ametoka kupima gunia lake kwa jirani, na kabla ya kuliuza akapita kumsalimu dada yake mkubwa, mmoja wa wale waanikaji wetu. Kwa mchezo tu akaliweka gunia juu ya mizani yetu. Thelathini. Akacheka, akamgeukia dada yake.

"Yaya, balansi ya huyu mutoto imelewa. Kule banaona makumi mbili na sita."

"Mama, zote ni zako," nikamwambia.

"Masomo ilikuharibu. Utalipa kilo zenye haziko? Utakula nini?"

Alinihurumia kweli. Nikaanza kumweleza habari za springi na skrubu, dada yake akanikatiza.

"Acha kufundisha, we. Leta muchele."

Akaenda mwenyewe jikoni, akarudi na mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano, mshono wake wa kiwandani haujaguswa, akautua kwenye mizani. Ishirini na tano. Mkulima akautazama mshale, kisha gunia lake.

"Donc, kumbe miaka hii yote…"

Akakaza kitenge chake kiunoni, akauliza kama anaweza kuazima ule mchele aupeleke kwa jirani. Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Alituuzia gunia lake, na alipoondoka akaniambia, "Batu hawataamini kinywa yako. Hata mie sikuiamini."

Alisema kweli. Nilikuwa nikiwaomba watu waniamini, huku mizani yangu imekaa ndani, gizani, kama za wengine wote. Lakini nikiitoa nje nitamwaibisha jirani, ambaye kila asubuhi hunisalimu. Watu watapima kwetu, kisha watauza kwake kwa bei yake kubwa. Mvua itanyesha. Nikaorodhesha mabaya yote mpaka nikachoka nayo.

Ijumaa asubuhi nikamkuta baba mdogo kwenye lori lake.

"Nataka kuweka mizani nje, barabarani, na ule mchele pembeni. Kila mtu apime bure, hata asipotuuzia."

"Utapimia bakiliya ba wengine?"

"Ndiyo, baba."

"Na kesho lori itabeba nini?"

"Sijui."

Alinitazama, akafuta mikono yake, akashika upande mmoja wa mizani. Tukaibeba pamoja mpaka ukingo wa barabara.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye magunia mawili. Alipima mchele, akapima magunia, akaandika kilo kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu. Kisha akayafunga tena kwenye pikipiki na kuelekea kwa jirani. Sikumwita. Nilimpa nafasi aliyefuata.