Ndege Niliyemchorea Baba Mkwe

Siku ya posa kule Kimulot, nilimpelekea babake mchumba wangu, mwalimu mstaafu wa historia, ubao wenye maandishi ya picha ya Misri ya kale. Chini ya jina lake nilichora mbayuwayu, alama ya "mkuu". Nikajifanya mtaalamu, nikawaeleza wageni wote.

Mzee akavaa miwani. Akauinamia ubao, akamgusa yule ndege mkiani kwa kidole.

"Mkia wa mbayuwayu umegawanyika," akasema polepole. "Huu ni mviringo. Huyu ni shomoro, na Wamisri walimweka kwenye maneno kama 'duni' na 'mbaya'. Kwa hivyo mimi ni baba mbaya?"

Mjomba wangu, msemaji wetu, alikuwa akinong'onezana na jirani. Alipoona macho yamegeukia upande wetu, akasimama akipiga makofi.

"Kabisa, mzee! Sisi sote tumekubaliana hivyo!"