Nilimtania shemeji kuwa samaki wangu wana mimba, alipompasua mmoja nikatamani bwawa linimeze

Wakuu salaam. Naandika nikiwa nyuma ya banda la kuku maana ndani ya nyumba kuna mtu siwezi kumwangalia usoni. Msije mkasema hii ni chai, stori ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Elimu yangu ni darasa la saba, tena la kubahatisha. Naishi Kikwe kwa bro na mke wake. Shemeji ndiye ananipikia, na nyie mnajua utani wa mashemeji hauna breki.

Mwaka huu bro akanipa kona ya shamba chini ya migomba, pale mfereji unapopita, nichimbe bwawa la samaki. Akasema ninunue vifaranga vya perege.

Mimi mjanja. Nikaenda mtoni na chandarua, nikazoa samaki wadogo wa bure nikawamwaga humo.

Baada ya muda nikaona matumbo yamevimba. Tena wakawa wanaelea juu juu wanaota jua, hawana haraka, kama mama kijacho wa mwezi wa tisa.

Nikajua ni mayai hayo.

Korongo nao wakawa wanakuja kusimama ukingoni. Sikuwafukuza. Niliwapiga picha nikaweka status.

Sasa. Shemeji ameolewa miaka kadhaa, hajapata mtoto. Kila mtu nyumbani anajua na hakuna anayelitaja. Isipokuwa mimi.

Jumapili baada ya ibada ndugu wakaja kula. Nikawapeleka bwawani kutamba. Wakasifu, nikanogewa. Nikamgeukia shemeji mbele ya wote:

"Shem, samaki wangu wote wameshika. Umebaki wewe tu."

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka kidogo. Bro hakucheka.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Nikamnasa samaki mnene kuliko wote, nikampa shemeji kisu apasue watu waone mayai.

Akapasua.

Wakuu, hakukuwa na yai hata moja. Alitoka mnyoo mweupe, bapa kama utepe, mrefu kuliko samaki mwenyewe, na anajikunja. Tukajaribu wa pili, yale yale. Mama mkubwa akatema mate akarudi ndani.

Alikuwepo jirani anayefuga perege, akatuelezea. Mayai ya huyo mnyoo yanadondoka na kinyesi cha ndege, vidudu vya majini vinayala, samaki anakula vidudu. Mnyoo anakua humo tumboni mpaka sehemu ya uzazi ya samaki inasinyaa, hatagi tena. Samaki analegea, anaelea juu, korongo anamdaka, na mnyoo anakwenda kutaga ndani ya korongo.

Kumbe wale korongo niliowaweka status ndio walikuwa wenye shughuli yao.

Nikataka kulitania na hilo. Shemeji akaniwahi, samaki bado yuko mkononi mwake. Hakupandisha sauti.

"Shem, na mimi tumbo liliwahi kuvimba hivi. Mama yenu akanunua mpaka kofia ya mtoto. Ulikuwa uvimbe. Wakautoa pamoja na kizazi."

Akasuuza kisu, akaenda kupakua chakula.

Kipindi hicho mimi nilikuwa Kisongo naosha magari. Hakuna aliyeniambia. Lakini pia sikuwahi kuuliza, nilikuwa natania tu.

Bwawa nimelikausha, nimemwaga chokaa. Shemeji bado ananifunikia chakula. Ila zamani akiweka sahani alikuwa anasimama kidogo nimchekeshe. Siku hizi anaweka, anaondoka.

Nilichojifunza: tumbo la mtu usilisome kwa nje. Na utani wa mashemeji breki unazo, ni mimi sikuwa na mguu wa kukanyaga.

Mnaona? Hata hapa nimetania.

Ndio shida yangu hiyo. Kila nikimfuata jikoni kumwomba msamaha, nikifungua mdomo linatoka utani, nageuza narudi huku kwa kuku.

Wadau, mtu ambaye hajawahi kusema jambo bila kuchekesha anaanzaje? Nielekezeni. Wenye matusi nao waje, nayastahili.