Kivuli Kilichotufukuza

Kama ulilelewa upande wetu wa juu, kule ambako barabara ya kutoka Eldoret inaacha nyumba na kuanza miti, hebu keti usome hii pole pole. Wewe na mimi tulikula viazi vya jivu kabla hatujajua chipsi ni nini. Watu wananijua kwa kucheka. Wateja wangu hapa mjini Kapsoya, ninapouza miche kando ya barabara, hata huniuliza nimekula nini nimefurahi hivyo. Lakini wiki hii sicheki. Nimekasirika mpaka miche naimwagilia kama ninaiosha matope.

Wacha nianze na vile tulikuwa.

Nyumbani tulikuwa na kipande kidogo cha ardhi, kuku, na ng'ombe mmoja mwenye madharau. Hapo hapakutosha kulisha watu, kwa hivyo tulilima msituni. Nyinyi wa rika langu mnajua mpango wenyewe. Mahali miti mikubwa imekatwa, unapewa shamba. Unachoma matawi, unapanda viazi na maharagwe yako, na katikati ya viazi unapanda miche ya serikali, ile ya saiprasi, kwa laini zilizonyooka. Ukipalilia viazi, unapalilia na mti. Kwa mti hulipwi kitu. Malipo yako ni viazi. Halafu mti unakua, unafunika shamba, viazi vinakuwa vidogo kama gololi, na inabidi uondoke. Nyumbani tulikuwa tunasema, "Kivuli kimetufukuza."

Hebu sikia huo uchungu. Ukiutunza mti vizuri, unajifukuza mapema.

Lakini tukiwa watoto nani alijali? Msitu ulikuwa wetu. Palipochomwa matawi, managu, zile mboga zetu za majani, yaliota yenyewe, laini, meusi, na Mama aliyachanganya na maziwa hadi jioni ile hakuna aliyegombana. Tulifukuza tumbili kwa debe na matusi. Tulikula matunda ya porini yanayopaka ulimi rangi ya wino, kisha tukatoleana ulimi njia nzima. Shuleni mwalimu alituita watoto wa moshi, kwa sababu hata sweta zilizofuliwa zilinuka moto wa msituni. Mimi niliona ni sifa.

Baba alimpa kila mtoto laini yake ya miche. Yangu ilianzia kwenye jiwe jeusi karibu na njia. Kaka yangu Kibet alikuwa na yake pembeni, na kila Jumamosi tulisimama migongo ikiwa imegusana na miti kuona nani amepitwa. Mwanzoni mimi ndiye nilikuwa mrefu. Siku moja nikageuka na mti ulikuwa unaniangalia kutoka juu. Nilifurahi kama nimezaa.

Jirani yetu shambani, Baba Sammy, miti yake ilikuwa na ugonjwa ambao haukupona. Kila mara ilikauka, kila mara akaambiwa apande mingine, na kila mara akabaki na shamba lake. Sote tulijua ugonjwa ni jembe lake likipita chini kwenye mizizi. Kibet akamuuliza Baba, "Si na sisi tukate mizizi kidogo tu, tukae?" Baba hakuinua sauti. Alisema, "Mti ni wa serikali, sawa. Na huo mkono unaokata ni wa nani?"

Basi miti yetu ikanawiri, na tukafukuzwa kabla ya Baba Sammy. Siku ya mwisho Mama alibeba viazi mgongoni kwa ule ukanda wake wa ngozi, unaopita kwenye paji la uso. Ukanda huo alipewa na mama yake, nyanya yetu Kogo, alipoolewa. Mimi nililia. Mama akaniambia, "Nyamaza, Jemutai. Hii miti inatujua. Nikizeeka nitakuwa nikija kuokota kuni hapa hapa." Nikanyamaza, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Baba alishatuacha. Mama amezeeka. Na wiki jana alienda kuokota kuni.

Matawi makavu, nasema. Yaliyoanguka yenyewe. Getini askari wa msitu akamshukisha mzigo, akachukua kuni, akachukua panga, akachukua ukanda. Halafu akamwita mwizi, mbele ya akina mama wenzake wa kanisani. Mama alirudi nyumbani mikono mitupu, akaketi, akakataa chai. Mama yangu! Akakataa chai! Alichosema ni, "Kuni zikae. Ukanda wa mama yangu nautaka."

Nilifunga biashara, nikapanda juu kwenda kumchukua, tukaenda naye getini.

Askari alikuwa kijana, rika langu kabisa, kofia imelala upande, simu mkononi. Ukanda aliutundika kwa msumari ndani ya kibanda.

"Tumekuja kuchukua ukanda wa Mama," nikamwambia.

"Hiyo ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa wizi, dada. Msitu uko na mwenyewe."

Mama akamwangalia kama anayetafuta sura ya mtu anayemjua. "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama, hapa ni kazi."

"Naona. Na mimi nilifanya kazi hapa hapa, wewe ukiwa bado mtoto mdogo. Miti ya hapo nyuma ya kibanda chako, huyu msichana aliipanda."

Akacheka. "Kwa hivyo sasa msitu ni wako?"

"Sijasema ni wangu. Nimesema mimi si mwizi."

Wakati huo huo lori likapiga honi. Limejaa magogo, mengine bado yanatoa utomvu, ile harufu ya saiprasi ikanipiga puani nikawa mtoto tena. Kijana akakimbia kufungua geti, akapunga mkono, lori likapita.

"Na huyo je?" nikauliza.

"Huyo ako na karatasi."

Nilitaka kumrukia. Kweli. Mama ndiye alinishika mkono. Kijana labda aliona uso wangu, kwa sababu aliingia ndani akautoa ule ukanda. "Haya, Mama, chukua. Leo umesamehewa."

Mama hakunyoosha mkono. "Rudisha kwa msumari," akasema. "Utanipa ukipata neno lingine."

Kijana akabaki na ukanda mkononi, anatuangalia, anaangalia barabara, kofia yake haijui ilale wapi. Simu yake ikalia, hakuishika. Mwishowe akasema chini chini, "Basi chukua tu, Mama. Pole."

"Sasa umesema," Mama akajibu, akauchukua, akaupangusa kwa leso.

Tulizunguka nyuma ya kibanda kuiona ile miti. Jiwe jeusi liko pale pale. Kuanzia hapo hadi chini ni visiki, laini yangu yote, bado imenyooka. Nilikaa juu ya kimoja, kikanitosha na nafasi ikabaki. Siku hizi nauzia vijana miche ya kupanda siku za sherehe. Wanaikumbatia, wanapiga selfie kama na mchumba, halafu wanaipanda ikiwa bado imevaa karatasi yake ya plastiki. Mizizi ipumue wapi? Zamani nilikuwa nacheka nikiwaona. Ndoto yangu bado ni kuwa na kitalu kikubwa chenye wavu na jina langu getini, na sitaiacha. Lakini kila mche nitakaouza nitauliza, huu ukikua, aliyeupalilia atapita getini na nini?

Mama alikaa kisiki cha pili, ukanda mapajani. Jua lilituchoma vizuri. Mahali pale pale ambapo zamani viazi vilikosa mwanga, tulikosa hata mahali pa kuficha uso.

Tukiwa wadogo, kivuli kilitufukuza, na tulikubali kwa sababu kilikuwa cha mikono yetu. Sasa kivuli chenyewe kimepakiwa kwa lori. Na bado tunafukuzwa.