Kipara cha Kisu Cheusi

Miaka tisa shemeji yake alikuwa akiifuta alama yake. Mama Tupa, ndivyo mtaa ulivyomwita, alifua visu karakanani nyuma ya nyumba. Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, aliviuza dukani mbele. Kila kisu kilipofika mikononi mwa huyo bwana, nukta tatu ambazo mama aligonga karibu na mpini kama alama yake zilisagwa, kisu kikasuguliwa upya, na jina la shemeji likachorwa kwa kalamu ya umeme. Wateja wakisifu, bwana anainama kwa haya kama bibi harusi. Mama Tupa alilalamika mara moja tu, akaambiwa asilete makuu. Tangu hapo alinyamaza, lakini rohoni aliapa kwamba mtu huyu ataipata.

Siku ikaja. Mkuu wa kambi ya wapima ardhi aliagiza kisu kikubwa cha kufyekea vichaka na kupasulia kuni. Mama Tupa akachukua springi ya lori, akaifua siku mbili, akagonga nukta zake chuma kikiwa bado chekundu, akakitia makali ya kunyolea ndevu.

Shemeji alitaka king'ae kama vingine. Kwa sauti tamu ambayo hajawahi kumtolea, mama akamweleza kwamba porini kuna mvua na umande, kwa hiyo afadhali kilowekwe kwenye siki kiwe cheusi, kisishike kutu upesi.

"Wewe ndiye fundi, shemeji," akasema bwana. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema kweli.

Hakujua kitu kimoja, kwa kuwa hajawahi kuchafua kucha zake na kazi. Kisu kinachong'aa kinasamehe: ukisaga na kusugua, hakuna atakayegundua. Weusi wa siki hausamehe hata kidogo: ukiusaga, chuma cheupe kinajitokeza. Mama alikiloweka tangu asubuhi hadi adhuhuri, akakisuuza, akakipaka mafuta, akamkabidhi. Kisha akasikiliza. Mashine ya kusagia ikalia kule mbele, naye akatabasamu peke yake.

Yule mkuu wa wapima ardhi alipokuja, Mama Tupa alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, kibuyu cha siki mkononi. Mgeni akakigeuza kisu, akaona doa jeupe la ukubwa wa kidole gumba, na jina katikati.

"Hiki kipara kimetoka wapi?"

Shemeji akasema ndio mtindo wake.

"Basi kirudishe weusi," mama akasema, akaweka siki mezani. "Mbele yetu, wewe uliyekitengeneza."

Bwana akakitazama kibuyu kama anayetazama nyoka. Hakujua kisu kinalowekwa muda gani wala kinafanywa nini baadaye. Mgeni akamwelewa mama bila kuelezwa, akaomba afuliwe kingine, chenye alama ya aliyekifua.

Shemeji akasihi kile cha kwanza kirekebishwe. Mama Tupa akakataa. Alipigilia msumari ukutani, juu ya meza ya duka, akakining'iniza hapo, kipara kikitazama mlango.

Kila mteja anayeingia anauliza, na shemeji analazimika kujibu.