Boliti Niliyompa Mwenzangu

Sifa ni zake Mungu, aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado na macho ya kusoma Neno lake na ulimi wa kumshukuru. Ninayoyaandika hapa si ya kujisifu.

Nilipostaafu, vidole vyangu vilianza kukakamaa, na kwenye kituo cha afya wakaniambia nivifanyishe kazi. Mwenzangu wa kanisani, Mkongo aliye rika moja na mwanangu, akanionyesha mazoezi yake ya kukunja vyuma kwa mikono. Huyo ndiye mpiga gitaa wa kwaya yetu, na siku hizo alikuwa akitunga wimbo wa kumwingiza binti yake ukumbini siku ya harusi.

Tulikutana Jumamosi kwenye stoo ya chini ya jengo letu, mtaa wa Hallonbergen, huku Uswidi tunakoishi. Unafunga ncha za msumari kwa vipande vya ngozi, unaushika chini ya kidevu, viwiko juu, kisha unasukuma kwa vidole gumba mpaka ukubali. Yeye aliukunja wa inchi sita kama anayekunja chapati. Mimi nilihangaika na mwembamba.

"Papa, usigombane nao," alinicheka. "Ubembeleze!"

Mimi napenda kujua mambo. Nikamwuliza kati ya msumari na boliti kipi kinajenga mkono zaidi. Akasema msumari huinama kidogo kidogo na kukuonya, boliti hunyamaza. Jibu hilo lingenitosha. Badala yake nilikwenda duka la vyuma la Vällingby nikanunua boliti, nyingine za chuma laini, nyingine fupi za chuma kigumu.

Ile laini aliikunja, akasema hesi zake, ile mikato ya kuzungushia nati, zinakula vile vipande vya ngozi. Ngumu ilimshinda katikati. Akaiweka chini, akatikisa kifundo cha mkono.

"Imetosha, papa. Hii si ya leo."

"Kijana wangu, si umebakiza kidogo tu? Ongeza, tujue."

Alinitazama. Kisha akaiokota, akaongeza. Nilisikia kitu kikilia, na hakikuwa chuma.

Nilipokwenda kumwomba radhi, kifundo kilikuwa kimefungwa bendeji. Mke wake alinikaribisha chai. Nikamwambia mwenzangu kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeshindwa, nikataka kuijua ile boliti kwa mkono wake.

"Sasa papa, ningekataa namna gani?" akasema. "Mzee amesema ongeza."

Hakunilaumu. Ndiyo sababu maneno yale yaliniingia. Tangu utoto tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, na aliyeumia ni yeye.

Mke wake akaweka birika mezani. "Baba, daktari amemkataza gitaa mpaka apone. Anajifungia bafuni anapiga. Mimi hanisikii."

Binti alisema jambo kwa Kiswidi kutoka jikoni. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba bafuni ni kwake na kodi analipa yeye. Tukacheka, kisha wote wakanitazama mimi.

Nilijua angenitii. Nilijua pia ninachomnyang'anya: wimbo ule alikuwa ameungoja tangu mtoto akiwa mgongoni. Nilitamani mtu mwingine aseme. Hakuwapo.

"Usipige," nikamwambia. "Hata siku ya harusi. Mkono huo Mungu amekupa wa miaka mingi."

Aliitazama bendeji yake. "Ndiyo, papa."

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa Hallunda. Binti aliingia kwa muziki wa spika, akipendeza, na vigelegele vikapaa. Baba yake alisimama kando, mkono uliofungwa akiuegemeza kifuani, na vidole vyake vya kushoto vikibonyeza hewa kana kwamba nyuzi zipo. Mimi nilikuwa nimekalishwa meza ya wazee. Pilau ilinifikia mimi kwanza.

Akaja akainama sikioni pangu. "Papa, wamekupa nyama ya kutosha?"

Nikasema ndiyo, nikashindwa kumtazama. Ameshanisamehe, naamini, na Mungu ni mwingi wa rehema. Lakini tangu siku ile, kila ninapotaka kumwambia mtu "ongeza", hunyamaza kwanza nikaomba.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulindie mikono na kazi zake, awape wakubwa wako kauli zenye huruma, na akujalie kuuimba wimbo wako siku yake ikifika. Amina.